Desa la Augustus kutoka stesheneri ya Tabora, nimelisoma njiani mpaka Kigoma

Jamani wiki iliyopita nimenunua desa Tabora na nimeona nikae chini niliandikie kabisa, maana tunaopita pale kusubiri treni ni wengi na sidhani kama wengi wanajua kuna kitu kama hiki. Ni desa la historia, lote Kiswahili, peji 58, fotokopi zimepigwa baindi ya spairo, kava la bluu nyuma na plastiki ya kuangaza mbele, na limeandikwa kwa mkono, sio kompyuta. Linamhusu Augustus, yule mtawala wa Roma ya zamani, na juu kabisa peji ya kwanza kuna swali, mwalimu kaliandika kwa kalamu nyekundu ila kwenye kopi imetoka nyeusi tu: huyu mtu aliikuta Roma inachinjana yenyewe kwa yenyewe, aliwezaje kuiacha imetulia? Bei buku nne.

Anayeandika ni mwalimu mstaafu, simtaji jina maana sijamuomba ruhusa. Anaandika kwenye kaunta buku, anapeleka kwenye stesheneri moja njia ya kwenda stesheni, wao wanatoa kopi, wanabaindi, wanauza na wanagawana. Madesa ya kidato cha tatu na cha nne ndo yamepangwa mbele watu wayaone. Hili la Augustus sio la mtihani wowote, kaliandika kwa mapenzi yake, kwa hiyo lipo chini ya kaunta na usipouliza hulioni. Mi nafanya biashara ya dagaa na mawese, natoa Kigoma napeleka Tabora, siku hiyo nilikuwa nimeshamaliza mzigo, nimeingia kutoa kopi ya kitambulisho, mwalimu mwenyewe akawa amekaa pale kwenye kistuli anahesabu peji.

Nikamsalimia, shikamoo mwalimu, marahaba mwanangu karibu, nikamuuliza hivi huyu ndo yule Kaisari Augusto wa kwenye Luka sura ya pili? Maana kila Krismasi tunasoma kanisani kwamba amri ilitoka kwa Kaisari Augusto watu wote waandikwe. Akasema ndo huyo huyo, na hata mwezi wa nane tunauita Agosti kwa ajili yake, zamani Warumi waliuita Sextilis, mwaka 8 KK wakaubadilisha wakaupa jina lake. Miaka yote hiyo naenda Nane Nane sijawahi kujiuliza Agosti ni neno la wapi. Nikalipa hapo hapo.

Sasa niwaambie lililomo, na kwanza niseme kitu nilichokipenda kuliko vyote, mwalimu haanzi na amani. Anaanza na damu. Machi 44 KK Julius Caesar, mtawala wa Roma, kauawa na maseneta, yaani wajumbe wa baraza kuu la Roma, na kuna kijana wa miaka 18 anaitwa Octavius, ndo Augustus mwenyewe kabla hajapewa jina hilo, yuko masomoni Apollonia, upande wa Albania ya leo, anapata habari kwamba kaka wa bibi yake mzaa mama ameuawa na kwenye wosia kamfanya mwanae na mrithi wake. Hana cheo, hana jeshi, ana jina tu. Mwaka unaofuata huyo huyo kijana kakaa meza moja na majenerali Mark Antony na Lepidus wanaandika orodha za watu wa kuuawa na mali zao kuchukuliwa, na mmoja wa waliokufa kwa orodha hiyo ni Cicero, msemaji mkubwa wa Roma. Huyo ndo atakuja kusifiwa kwa kuleta amani! Mwalimu hajaficha wala hajapaka sukari, peji nzima kaiachia orodha ile na mi nikiwa nasoma nilijisikia vibaya kabisa, na nadhani ndivyo alivyotaka.

Nimesomea kwenye treni. Tumeondoka Tabora jua limeshazama, taa ya behewa inatosha, na mbele yangu kulikuwa na babu mmoja ana majembe mawili mapya yamefungwa kwa kamba ya katani, ameyaweka katikati ya miguu. Akaniuliza mama unasoma nini umekunja uso hivyo, nikamwambia babu ni historia ya Warumi, akasema basi soma kwa sauti na sisi tusikie safari iende. Kwa hiyo kutoka Tabora mpaka Urambo nilisoma kwa sauti, na mama mwenye mtoto pembeni naye akawa anasikiliza, na ninachoandika hapa kuhusu sehemu ya ardhi nusu yake nimekielewa kwa sababu ya yule babu.

Sehemu ya ardhi ndo moyo wa desa lote. Iko hivi. Mwaka 42 KK Octavius na Antony wanashinda vita ya Philippi dhidi ya waliomuua Caesar, wanajeshi wameahidiwa mashamba, na hela hakuna. Mwaka 41 KK mashamba ya miji 18 ya Italia yakachukuliwa wakapewa askari, wenye mashamba wakatolewa. Unafikiri watakaa kimya? Wakaja Roma na wake zao na watoto wanalia kwenye mahekalu, ndugu yake Antony na mke wake Antony wakaichukua hasira ile wakaifanya vita, mji wa Perusia ukazingirwa mpaka njaa ikaushinda, 40 KK ukasalimu amri. Yaani umewatuliza wenye silaha kwa kuwanyang'anya wasio na silaha, matokeo yake umeongeza vita nyingine juu ya ile uliyotoka kuimaliza.

Rukeni miaka kumi. Septemba 31 KK vita ya majini ya Actium, Antony, ambaye sasa ni adui yake, na Cleopatra malkia wa Misri wanashindwa, mwaka unaofuata wanajiua wote wawili na Misri inakuwa ya Roma. Sasa Octavius peke yake kabaki na majeshi yake na ya adui, legioni (vikosi vikubwa vya jeshi la Roma) kama 60, watu wazima wenye panga ambao kazi waliyoijua maisha yao yote ni kuua. Mwalimu kaandika hapa kwa herufi kubwa: HAPA NDIPO WENGI WALISHINDWA. Na kweli, ushindi wengi waliupata Roma kabla yake, kilichowashinda ni huyu askari wa siku ya pili yake anayekuja mlangoni anadai chake.

Safari hii hakunyang'anya. Alinunua. Mwenyewe aliacha maandishi ya hesabu za maisha yake, yakachongwa kwenye mawe, na nakala iliyobaki vizuri kuliko zote ipo Ankara, Uturuki, kwenye kuta za hekalu. Humo anasema alilipa kama sestersi (hela ya Kirumi) milioni 600 kwa mashamba ya Italia na kama milioni 260 kwa mashamba ya majimboni, na kwamba kati ya walioapa chini yake kama watu 500,000, zaidi ya 300,000 aliwapa makazi mapya au akawarudisha kwao, na wote hao wakapata ardhi au hela. Legioni zikashuka mpaka 28.

Nilipofika hapo babu akasema mama hebu rudia hapo kwenye kununua. Nikarudia. Akanyamaza kidogo afu akaanza kusema yeye alikuja kutoka Burundi 1972 akiwa mtoto, wakapelekwa Ulyankulu, wakapewa shamba na jembe, baba yake mwaka wa kwanza hakutaka kulima chochote cha kudumu, alikuwa anasema tunarudi nyumbani, panda mahindi tu. Mwaka wa pili akapanda miembe. "Mama alipoona miembe," babu akasema, "akaacha kufunga mizigo." Sasa hivi yeye ni Mtanzania, ana wajukuu, na miembe ile bado ipo. Mi sikusoma tena kwa dakika kama kumi, tulikaa tu tunaangalia giza nje.

Nilikumbuka mwaka 2015 mwezi wa tano, Kagunga ilipojaa watu kutoka Burundi, meli ya Liemba ikawa inaenda na kurudi inawaleta Kigoma na uwanja wa Lake Tanganyika ukageuka kuwa mahali pa watu kulala kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Nilikuwa napeleka uji na mama zangu wa jumuiya. Kulikuwa na dada mmoja alikuwa na funguo mkononi, funguo za nyumba yake, hakuziachia hata wakati wa kula. Kwa mtu wa Kigoma amani sio habari ya kwenye vitabu, inafika kwetu kwa boti, ndo maana hili desa limenishika vile.

Tuendelee. Kununua ardhi kuna mwisho, na mwalimu kaeleza vizuri kwamba Augustus aliliona hilo. Mwaka 6 BK akaanzisha mfuko maalumu wa kuwalipa askari wanaostaafu, akaweka hela yake mwenyewe sestersi milioni 170 kuanzishia, afu ili usikauke akauwekea kodi mbili, asilimia 5 ya urithi na asilimia 1 ya mali zinazouzwa kwa mnada. Matajiri walilalamika sana ile ya urithi. Askari akitumikia miaka 20 anapata sestersi 12,000, na mshahara wa kawaida ulikuwa 900 kwa mwaka, mwalimu kapiga hesabu pembeni kwa penseli, ni zaidi ya mshahara wa miaka 13 kwa mkupuo. Zamani askari alikuwa anamwangalia jenerali wake ampe chochote vitani, kwa hiyo jenerali akisema twende tukapigane na Warumi wenzetu, anaenda. Sasa kiinua mgongo kinatoka kwenye mfuko na mfuko una sheria. Hii mi naiona kubwa kuliko vita vyote alivyoshinda na sijui kwa nini watu wakimtaja wanataja Cleopatra.

Sehemu ya siasa ipo peji 30 mpaka 37, ni nzito kidogo, niliisoma mara mbili. Kwa ufupi, Januari 27 KK alisimama mbele ya seneti akasema narudisha mamlaka yote kwenu, nao wakamrudishia sehemu kubwa, hasa majimbo yenye majeshi mengi, na wakampa jina la Augustus, maana yake mtukufu, mwenye kustahili heshima. Caesar alijifanya dikteta wa maisha akauawa, huyu mwaka 22 KK njaa ilipoingia watu wenyewe wakamtaka awe dikteta na akakataa, akachukua tu kazi ya kusimamia chakula. Mwalimu anasema alielewa watu wanaweza kuvumilia mtu mmoja mwenye nguvu nyingi ilimradi wasivuliwe nguo hadharani, yaani mabaraza yakae, uchaguzi ufanyike, maseneta waendelee kuitwa waheshimiwa. Hapa sikubaliani na mwalimu kwa asilimia zote. Anaandika kama ni hekima tupu, mi naona watu walikuwa wamechoka kufa, mtu aliyechoka hivyo hauulizi utaratibu umekaaje, anaomba alale tu. Nilimtumia ujumbe kumwambia hivyo, akanijibu kwa urefu kweli, kakubali nusu.

Kitu kingine lazima nikitaje ni mchoro wa peji 26. Kauchora mwenyewe kwa rula, milango miwili ya hekalu la Janus, mungu wao wa milango mwenye nyuso mbili, moja inaangalia mbele moja nyuma. Desturi ni kwamba Roma ikiwa vitani popote milango inakuwa wazi, ikiwa amani kila mahali inafungwa. Mchoro mmoja iko wazi, wa pili imefungwa, na chini kaweka hesabu: tangu mji uanzishwe mpaka kabla ya Augustus ilifungwa mara mbili tu, miaka zaidi ya 700 hiyo, enzi zake peke yake seneti iliagiza ifungwe mara tatu, ya kwanza 29 KK. Kwenye ule wa kufungwa kachora komeo dogo na kivuli chake. Nimeuangalia sana huu mchoro. Yule mtoto wa mama wa pembeni naye aliugusa kwa kidole akawa anasema mlango, mlango.

Na sio kwamba alikaa kimya hakupigana, alipigana sana, Hispania, milimani Alps, kule mto Danube, Ujerumani. Ila kuna mambo aliyamaliza kwa mazungumzo. Waparthi, watu wa upande wa Iran ya leo, walikuwa wameziteka bendera za legioni tangu 53 KK, aibu kubwa kwa Warumi, kila mtu anadai vita ya kisasi. Mwaka 20 KK bendera zikarudi kwa makubaliano, na Augustus akaisherehekea hiyo kama ushindi wa vita. Mwaka 9 BK legioni 3 zikaangamizwa Ujerumani msitu wa Teutoburg, ya 17, ya 18 na ya 19, namba hizo hawakuzitumia tena, na baada ya hapo akaacha ushauri kwamba dola ibaki ndani ya mipaka iliyopo. Kwa mtu aliyetawala miaka zaidi ya 40 kukubali kwamba hapa basi inatosha, mi namheshimu kwa hilo.

Mambo ya mji mwalimu kayapitia mbio na mi nitapita mbio. Ngano ya bure kwa watu kama 200,000 wa Roma, barabara, posta ya serikali, maji ambayo rafiki yake Agrippa aliyaleta 19 KK na mfereji ule mpaka leo unalisha chemchemi ya Trevi, kuhesabu watu. Ila zimamoto mi ningetaka zaidi, mtu wa sokoni anajua moto ni nini. Mwaka 6 BK aliunda vikosi 7 vya watu wa kuzunguka usiku na ndoo na mashoka, wengi wao waliokuwa watumwa zamani wakaachiwa huru. Mistari sita tu kapewa huyu mtu wa usiku, na yeye ndo amani yenyewe, mama ntilie analala akijua kuna mtu yuko macho.

Sasa mapungufu, maana nisipoyasema nitakuwa nawadanganya. Ile vita ya Perusia niliyowasimulia hapo juu, kwenye desa ina mistari minne basi. Nyingine nilimpigia mwalimu kumuuliza akanielezea kwa simu, yaani anaijua vizuri ila hakuiandika, na bila hiyo huwezi kuona kwa nini kununua ardhi kulikuwa jambo kubwa. La pili, hela ya kununulia ile ardhi kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye hazina ya Misri. Wakulima wa Italia walitulia kwa sababu Misri imebebwa, na ngano ya Misri ndo ikawa inalisha Roma. Kuna nusu peji tu mwishoni inayosema watumwa na watu wa majimboni waliilipia hii amani. Nusu peji haitoshi! Sisi tulio upande huu wa dunia, na Ujiji tunaijua misafara ya watumwa ilipofikia baada ya kuvushwa ziwa, kabla ya kupelekwa pwani, tungetaka kusikia na wao walikuwa wanasema nini. Mwalimu ameniahidi kwenye toleo jingine ataongeza.

La tatu ni la stesheneri. Peji 41 kwenye desa langu haipo, badala yake peji 40 imetoka mara mbili, na ndo peji ya warithi wake, jinsi mpwa wake Marcellus alivyokufa, Agrippa akafa, wajukuu wawili Lucius na Gaius wakafa, mpaka ikabidi amrithishe Tiberius, mtoto wake wa kambo. Niliwatumia picha WhatsApp wakaniambia nikirudi watanipa, mwalimu ndo akanipigia picha peji mwenyewe akanitumia usiku ule ule. Ramani hakuna kabisa, na bila ramani mtu asiyejua mito ya Rhine na Danube iko wapi anapotea. Spairo nayo imeshaanza kuchomoka mwisho, nimeikunja na koleo. Kwa buku nne wangeangalia zaidi kabla ya kumpa mteja.

Mwisho wa desa ni Agosti 19 mwaka 14 BK, Augustus anakufa Nola, amebakiza mwezi mmoja na kidogo afikishe miaka 76, na Tiberius anachukua madaraka bila majenerali kupigana. Mwalimu anaonyesha utulivu ule uliendelea mpaka kama 180 BK alipokufa Marcus Aurelius, ingawa katikati mwaka 69 BK walipigana tena watawala wanne ndani ya mwaka mmoja. Hilo kaliandika wazi, hajasema ilikuwa pepo.

Desa nalipatia nyota nne kati ya tano, ya tano naishikilia mpaka ramani na Perusia viwepo. Ukienda nenda mchana, mwalimu anakuwepo, muombe akuonyeshe kaunta buku lenyewe, wino mwekundu unasaidia sana, na kabla hujalipa hesabu peji.

Kuna jambo moja naomba msaada. Babu aliposhuka Urambo aliniomba peji za ardhi akawasomee watu wake Ulyankulu, nilitaka kuzichana nimpe akakataa, akasema usiharibu kitabu mama. Nimeshazitoa kopi hapa Mwanga, Kigoma, peji 14 mpaka 22, ziko kwenye bahasha ya kaki, na alikoniambia ziachwe pale Urambo nimepaandika pembeni. Kama kuna mtu anapanda treni kutoka Kigoma wiki hii na anapita Urambo aniambie nimletee bahasha stesheni.